Figo ya Sponji

Shemeji Bořivoj, ulikuja nalo Ijumaa,
tanki la lita sitini limekuelemea begani,
mkono wa pili mfuko wa plastiki,
ndani samaki sita wa milia wakigongana vipua.
"Maji ni maji," ukasema, ukafungulia bomba,
ukala supu yangu yote, ukawahi basi la Opava.

Sikukujibu.
Mimi ni nesi wa mashine za damu,
miaka kumi na tisa wodi ya figo hapa Ostrava.
Maji meupe pe nimeyaona yakilaza watu.

Samaki hujisaidia mle mle anamovuta pumzi.
Na chujio lako, shemeji, sponji yake mpya,
safi kama koti la mwanafunzi siku ya kwanza,
haina hata mkazi mmoja wa kuila amonia.
Wakazi hao hawaonekani, wala hawaji kwa kuitwa.
Huja wakijisikia,
wiki nne, pengine sita,
na hadi hapo figo ni mimi.

Basi kila nikirudi zamu, koti bado mwilini,
matone matano kwenye kichupa. Nangoja.
Manjano: laleni salama.
Kijani: ndoo iko wapi.
Theluthi natoa, theluthi narudisha,
maji yaliyokesha jikoni yakitoa klorini yake,
nimeyapasha mpaka kiwiko kikakosa la kusema,
nayamimina kwa kikombe, polepole,
kama ninayemfunika mtu shuka bila kumwamsha.
Chakula punje mbili tatu, leo ndiyo, kesho hapana.
Wananifuata kiooni na vinywa vya wadai.
Siwapi.

Siku ya tisa mmoja alilala ubavu kwenye changarawe.
Nilimzika katika chungu cha basili. Sikukupigia simu.

Wiki ya tatu kijani kikafifia, nami nikashangilia mapema:
kumbe sumu ya kwanza ilikuwa inazaa ya pili.
Kichupa cha nitriti kikawa pinki ya ufizi,
na watano waliobaki wakapanda juu
kutweta mdomo wazi chini ya taa.
Naijua hali hiyo. Damu hugeuka kahawia;
ipo, inazunguka, lakini haibebi kitu.
Nikapima chumvi kwa mizani ya keki,
nikabadilisha nusu nzima saa tisa za usiku,
nje theluji, tramu ya kwanza bado haijasaga kona.

Bwana Hynek wa kitanda cha nne huuliza kila Jumatano:
"Wapangaji wako?"
Mwaka wa tatu huu anangoja figo ya mtu asiyemjua.
Saa nne kila safari, mkono kwenye mirija,
nasi tunambadilishia maji.
Nilimwambia sponji haioshwi kwa maji ya bomba,
kwamba ule utelezi wa rangi ya chai ndio nyumba yenyewe,
ukiusafisha umewafukuza wote.
Alicheka mkono ukasogea, mashine ikapiga kelele.
"Yaani unangoja matope yakuletee msaidizi!"

Leo, siku ya thelathini na saba, pinki haikuja.
Nikarudia kipimo. Haikuja.
Kichupa cha amonia nacho manjano tupu.
Watano wakapita mbele yangu kwa kundi,
wakageuka wote kwa pamoja, wakarudi,
hawana habari.
Nikapindua ndoo nikaikalia,
mikono mapajani, sijui niitume wapi.

Shemeji, usilete wa saba. Bado.

Kesho ni Jumatano. Bwana Hynek ataniuliza,
nami sitamdanganya:
nilibadilisha maji tu, nikabadilisha,
mpaka jioni moja hayakunihitaji.
Atatazama mirija yake.
Nitampandishia mto kidogo.
Tutaanza.